Sauti ya Pili ya Senge Nafula

Kwaya ya kanisa lililo nyuma ya nyumba yangu hapa Kitale hufanya mazoezi kila Jumamosi alasiri, na kwa kawaida mimi huwafungia dirisha, maana vipaza sauti vyao vinatetemesha hata sufuria zangu. Lakini juma lililopita umeme ulipotea. Mwalimu wao akaamua kufundisha kwa mdomo tu, sauti moja moja, na alipofikia wanawake wa sauti ya pili akawaacha waimbe peke yao. Nilikuwa nikichambua maharagwe. Mkono ulinisimama juu ya ungo. Sijui kama nyinyi mmewahi kusikia sauti ya pili ikiimbwa bila wenzake. Inazunguka pale pale, inapanda kidogo, inashuka kidogo, inanyamaza, halafu inaanza tena kana kwamba kuna mtu ameijibu. Mimi niliisikia namna hiyo kabla sijajua kutembea vizuri, na niliiogopa utoto wangu wote. Acheni niwaambie kwa nini.

Nilizaliwa upande wa Malakisi, katika boma la babu mzaa baba, miaka ya vita vya pili vya dunia. Babu mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Aliyetawala boma alikuwa Kukhu, yaani nyanya, mwanamke mwembamba, mkali, asiyependa kuku waingie jikoni wala watoto wakae bure. Wanasema nilipozaliwa nililia, na si kulia kwa mtoto, ni kulia kwa ugomvi. Maziwa nilikataa, mgongo nilikataa, mpaka mama naye akaanza kulia. Kwetu mtoto akilia hivyo watu huona kwamba kuna mmoja wa waliokufa anayetaka jina lake. Basi wanawake wakakaa wakaita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, nami nazidi kupiga kelele. Kukhu alikuwa ameketi pembeni, hasemi kitu. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Nafula." Nikanyamaza pale pale. Mama aliniambia mara nyingi kwamba kule kunyamaza kuliwatisha watu kuliko kilio chenyewe.

Nafula alikuwa binti wa mwisho wa Kukhu, dada yake baba, kwa hiyo kwangu mimi ni senge. Alikuwa amefia huku Kitale kabla sijazaliwa. Baba wakati huo alikuwa skwota, yaani kibarua anayeishi humo humo, kwenye shamba la mahindi la mzungu mmoja nje ya mji, na senge alipelekwa akae naye ili asome katika shule ya misheni iliyokuwa karibu. Huko wakamwingiza kwaya. Likizo moja alirudi nyumbani na kazi aliyopewa na mwalimu wake, ajifunze sauti yake mpaka aijue bila kufikiri. Likizo nzima akaiimba, akisaga, akichota maji, akipalilia. Kisha akarudi Kitale, baridi ya huko ikamshika kifua, akalazwa katika chumba cha wagonjwa cha misheni, akafa. Yalikuwa majira ya mvua kubwa na barabara zilikuwa tope tupu, hakuna gari lililoweza kumleta nyumbani. Baba alikuwa ametumwa na mzungu wake kupeleka ng'ombe shamba la mbali. Aliporudi, alionyeshwa kaburi.

"Ulimwona?" Kukhu alimwuliza siku alipoleta habari.

"Sikumwona, mama."

"Ni nani wa kwetu aliyemwona?"

Baba akainamisha kichwa.

"Basi nani alikuwa naye?"

Hilo baba hakulijua, na naamini lilimtafuna mpaka alipozeeka. Kukhu akakataa matanga. Majirani walikuja na kuni zao na vilio vyao, akawasimamisha mlangoni akawarudisha. Alisema hawezi kumlilia mtoto ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona akilala chini. Wengine walinong'ona ati amerukwa na akili. Ng'o! Hakuwa amerukwa na chochote. Kesho yake aliamka akachukua jembe kama siku zote, ila tangu siku hiyo alianza kuimba.

Aliimba akisaga wimbi. Mimi nilikuwa nimeshakua kiasi cha kukumbuka, kwa hiyo haya siyasimulii kwa kuambiwa. Ilikuwa mchana mweupe, jua limetulia juu ya uwanja, jiwe la juu likikwaruza jiwe la chini, na harufu ya unga ikipanda. So, so, so, la, so. Fa, mi, le, mi. Hivyo ndivyo alivyoimba. Hayakuwa maneno ya lugha yoyote tuliyoijua. Kukhu aliwauliza wafanyabiashara waliotoka Lwakhakha, akamwuliza askari mmoja aliyepita na baiskeli, akamwuliza hata mwenye duka Mhindi, wote wakatikisa kichwa. Yeye mwenyewe aliamini kwamba ni habari. Aliamini binti yake alimwachia habari katika lugha ya shule, na siku moja angetokea mtu wa kuzieleza, kwa hiyo hakuthubutu kubadilisha hata kipande.

Kuimba kwenyewe nisingekuogopa sana. Nilichoogopa ni pale alipokatiza. Alikuwa akifika mahali fulani, kila mara ni pale pale, mdomo unafunga, mikono inasimama juu ya jiwe, macho yanaenda langoni. Anangoja. Kichwa kinatikisika kidogo, kama mtu anayesikiliza maelezo. Halafu anaendelea. Nami nilitazama lango, nikaona ua wa miiba na njia nyekundu na jua, basi. Siku moja nilijitia moyo.

"Kukhu, unamngoja nani?"

"Nyamaza wewe. Si unaona anapumzika?"

"Nani?"

"Mwenye jina lako," akasema, na jiwe likaanza tena.

Jamani, mwambieni mtoto maneno kama hayo mwone kama atapita karibu na jiwe la kusagia tena. Nilianza kuzungukia nyuma ya ghala. Binamu zangu walipojua wakapata mchezo, wakijificha kwenye mahindi wanaita, "Nafulaaa, unapumzika?" nami natoka mbio natupa hata mtungi. Lakini kicheko kikiisha nilikuwa nabaki na swali langu. Kama senge yuko langoni, na jina lake ninalo mimi, je, siku akiamua kuingia ataingilia wapi?

Nilipopelekwa shule, tulikuta mwalimu mpya ametoka pande za Kitale, Mwalimu Simiyu, kijana mrefu, kaptula imepigwa pasi mpaka inaweza kukata nyasi. Alikuja na chuma kidogo chenye meno mawili. Siku ya somo la muziki alikigonga kwenye meza akakipeleka sikioni, na darasa zima likacheka, ati mwalimu anasikiliza kijiko. Hakutujali. Alitundika ukutani karatasi ndefu iliyoandikwa silabi zimepangwa moja juu ya nyingine, akasema hii ni ngazi ya sauti, akachukua fimbo akagusa daraja la chini akaimba, "Do." Akapanda. "Re. Mi. Fa. So."

Nilisimama kwenye benchi. Nusura nijikojolee. Yale yalikuwa maneno ya Kukhu! Maneno ya senge, katika kinywa cha mwanamume mzima, mchana, mbele ya watu! Mwalimu akaniuliza kama nataka kutoka nje, nikasema hapana, nikakaa.

Wenzangu hawakuwa na shida kama yangu. Shida yao ilikuwa ulimi. "Do, le, mi," tuliimba.

"Si le. Ni re!"

"Ndiyo, mwalimu. Le!"

"Na hii ni la. La!"

"Ra!" tukapiga kelele kwa furaha, na yeye akajifuta uso kwa kitambaa.

Alikuwa mwalimu mzuri, asiye na haraka. Alitufundisha mapigo kwa kutusimamisha wasichana wawili wawili kwenye kinu, mmoja anatwanga kwa nguvu na mwingine polepole, zito, jepesi, zito, jepesi, mpaka miguu yetu ikajua yenyewe. Alisema do ni nyumbani. Wimbo hutoka nyumbani, unatembea, unapanda ngazi, unapotea kidogo, lakini mwishowe hurudi kwa do ndipo msikilizaji anaposhusha pumzi. Na do yenyewe haina mahali pamoja, unaweza kuianzisha juu au chini upendavyo, na zote nyingine zinahama pamoja nayo. "Kama maskwota," akasema. "Popote mtakapohamishiwa, mnapanga vyombo vile vile." Watoto waliokuwa wamezaliwa mashambani kwa wazungu walielewa haraka kuliko sisi.

Kisha siku moja alichora ubaoni mistari ya kusimama kama nguzo za ua, na nukta katikati, na kati ya nukta akaandika silabi. Kistari kilimaanisha shikilia sauti, usiiache. Lakini mahali pengine hakuandika kitu.

"Hapa pana nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Pana kimya. Kimya nacho ni cha wimbo, kina mapigo yake, lazima ukihesabu moyoni. Ukiingia kabla ya wakati, umemkanyaga mwenzako."

Mimi ambaye sikuwa nauliza kitu darasani nikauliza, "Mwenzako nani?"

"Yule anayeimba wakati wewe umenyamaza."

Hakujua ameniambia nini.

Wiki hiyo alitaka kila mmoja aimbe kipande chochote kwa silabi za ngazi, hata kifupi, aone tumeshika nini. Wengi walipanda do mpaka so wakaanguka. Zamu yangu ilipofika, mimi nilijua kimoja tu. Nilifumba macho nikaimba cha Kukhu. Nikafika kwenye kile kimya, nikanyamaza kama anavyonyamaza yeye, macho yakafunguka yenyewe yakaenda mlangoni. Nilipomgeukia mwalimu nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Alikuwa anaimba kitu ndani ya kile kimya. Ulipofika wakati wangu nikaendelea, nikamaliza kwa mi, na yeye alikuwa ameshika ubao kwa mkono kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.

"Rebeka," akasema, maana hilo ndilo jina langu la ubatizo, "hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa Kukhu. Ni ya senge yangu aliyekufa."

"Senge yako aliitwa nani?"

"Nafula. Hata mimi naitwa Nafula, nyumbani."

Akatuambia twende tukacheze. Wenzangu walitoka kwa shangwe, mimi nikabaki, kwa sababu nilikuwa na jambo lililokuwa likinikaba tangu aliposema do ni nyumbani.

"Mwalimu, mbona haufiki? Unaishia kwa mi. Mbona haurudi nyumbani?" Na hapo nikaanza kulia, kwa vile nilikuwa nimejionea mwenyewe ukutani, mi iko juu, do iko chini, na senge amekwama katikati ya ngazi, mbali na kwao, na ndiyo sababu yuko langoni na hawezi kuingia.

Mwalimu Simiyu akachutama mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hiyo ni sauti ya pili," akasema. "Sauti ya pili haiendi peke yake. Ya kwanza inabeba wimbo, ya tatu inajaza, na wanaume wa besi chini kabisa ndio wanaoshika do. Mi ikikaa juu ya do yao, hapo ni nyumbani, ila ni chumba kingine tu. Umesikia?" Nikasema nimesikia, ingawa sikuwa nimesikia. Akasema nimwambie Kukhu kwamba Jumapili atakuja kumsalimia.

Alikuja baada ya ibada, na nyuma yake watoto wa kwaya ya shule na wanaume kadhaa wa kanisani wa sauti nzito. Kukhu alikuwa kwenye jiwe lake. Jumapili kwake ilikuwa siku kama siku nyingine. Baba alitoa viti. Mwalimu alikikataa chake, akavua kofia, akapiga magoti kwenye vumbi na kaptula yake ile.

"Mama, mimi nilisoma Kitale. Nilikuwa kwaya moja na Nafula."

Kukhu hakuitikia salamu. Alisema, "Ulimwona?"

"Nilimwona, mama. Wasichana walikaa naye kwa zamu mpaka mwisho, hawakumwacha peke yake hata kidogo. Na sisi wavulana ndio tuliombeba."

"Mlimbeba."

"Tulimbeba, tukamshusha. Tukaimba ule wimbo wake. Kwaya yetu ilikuwa na desturi, mwimbaji akifa, siku ya kumzika, sauti yake haiimbwi na mtu mwingine. Wote wa sauti ya pili walisimama midomo wameifunga. Tuliimba sauti tatu. Ile yake sikuisikia tena, mpaka mtoto huyu alipoiimba darasani."

Baba alikuwa amesimama karibu na ghala. Aligeuka akatupa mgongo. Kukhu alitazama unga uliokuwa juu ya jiwe, akaukusanya polepole kwa kiganja, akajipangusa mikono.

"Imbeni," akasema.

Mwalimu akagonga kile chuma kwenye ukingo wa jiwe la kusagia, akawapa watu sauti zao. Mimi ndiye niliyepangwa kuimba sauti ya pili. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kukhu ndiye aliyeanza. Hakungoja kuambiwa aingie wapi. Aliingia mahali pake kama mtu anayeingia jikoni kwake.

Nyinyi mnaoujua wimbo kwa sauti ya kwanza hamwezi kujua tulivyoshtuka. Watu wa boma lile hatukuwa tumewahi kuusikia wimbo wenyewe. Miaka yote ile tulikuwa tumelambishwa chumvi peke yake, na leo ndiyo tunaonjeshwa mboga. Ilikuwa nzuri mpaka mama akaketi chini. Kisha kikaja kile kimya. Kukhu akafunga mdomo, macho yakaenda langoni kama kawaida yake, nami nikajificha nyuma ya kiti alichokikataa mwalimu. Hapo wanaume wakaingia. Besi na sauti ya tatu, wakajaza kile kimya chote kuanzia chini mpaka juu, kwa mapigo yale yale aliyokuwa akiyahesabu Kukhu miaka yote. Kukhu aliruka kidogo. Akaacha kutazama lango akawatazama wao, mmoja mmoja, usoni, na wakati wake ulipofika akaingia bila kukosea. Walipomaliza, yeye alikuwa kwenye mi, na wanaume walikuwa kwenye do, wakaishikilia mpaka nikaisikia kwenye nyayo zangu.

Kuku mmoja akaja akaanza kudonoa unga, na Kukhu hakumfukuza.

"Walikuwa wengi hivi?" akauliza.

"Zaidi, mama. Walijaa mpaka nje ya ua."

"Na mvua ilikuwa inanyesha."

"Ilikuwa inanyesha."

"Na hawakuondoka."

"Hawakuondoka, mama."

Kukhu akaitikia kwa kichwa, polepole. Halafu akamgeukia mama yangu kwa ukali wake wa siku zote, "Na wewe, wageni wanakaa bila hata uji, unatazama nini?"

Tangu siku hiyo hakuimba tena. Jiwe lilisaga tu. Mngedhani nilifurahi, na kwa siku moja kweli nilifurahi, kisha boma likawa kimya namna ambayo sikuizoea. Nilimkasirikia Mwalimu Simiyu. Niliona kama amemkunja senge pamoja na ile karatasi yake ya ngazi akaondoka naye. Mchana nilikwenda mwenyewe kusimama langoni, mahali nilipopakimbia maisha yangu yote, nikangoja. Ulikuwa ni ua wa miiba tu. Mpaka leo sijui nilimkosa nani zaidi, yule niliyemwogopa au yule niliyezoea kumwogopa.

Siku chache baada ya Jumapili ile nilitoka mtoni nikamkuta Kukhu nyuma ya nyumba, ameketi chini miguu ameinyoosha, mama anamnyoa kwa wembe, mvi zinaanguka kwenye jani la mgomba. Nikauliza kama ni chawa. Mama alinitazama kwa jicho ambalo lilinirudisha nyuma, lakini Kukhu alisema, "Mwache." Nilikwenda moja kwa moja kuwaambia binamu zangu kwamba Kukhu ana chawa. Jioni baba naye akatokea kichwa kinang'aa kama kibuyu, tukajua sasa chawa wameenea boma zima, tukacheka mpaka tukaanguka.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipofiwa na mama. Tulimzika, na siku chache baadaye wanawake waliniketisha chini, miguu nimeinyoosha, wakaleta wembe, maana kwetu ndivyo wafiwa wanavyofanyiwa baada ya maiti kuingia kaburini. Nywele zilipoanza kuniangukia mapajani nikapiga ukemi ambao hawakuutarajia, wakadhani wembe umenikata. Walinishika mabega wakaniambia mama amepumzika. Sikuwa namlilia mama wakati huo. Ilikuwa Jumapili ile ya Mwalimu Simiyu, mchana, na jua lilikuwa linawaka, na Kukhu alimzika mtoto wake mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwepo mazishini, na sikujua.